Macho Kufunguka Si Fahamu Kurudi: Ufafanuzi kwa Jamaa wa Wagonjwa

Malalamiko yanayoletwa wodini, ya Unguja na ya Pemba, yamekuwa ya namna moja: "Mgonjwa wetu kafungua macho, mbona mnaandika hana fahamu?" Kitengo kimeona kifafanue.

Kwenye faili tunaandika alama za Glasgow, kipimo cha kiwango cha fahamu kilichoanza 1974. Macho hupewa alama 1 hadi 4, sauti (anavyojibu) 1 hadi 5, viungo (anavyovisogeza) 1 hadi 6. Jumla ya chini kabisa ni 3, ya juu 15. Kuanzia 8 kushuka, hali ni mbaya. Mgonjwa mwenye macho 4, sauti 1 na viungo 3 ana 8, hata akiwa amekodoa. Alama hupimwa tena na tena, huandikwa saa na husainiwa, asiyesaini huulizwa. Hakuna anayekisia. Suala la shetani halimo katika fomu yetu.

Fahamu haitokani na wingi wa umeme kichwani. Mtu anapoanguka kifafa cha mwili mzima, seli za ubongo hufyatua umeme kwa pamoja na kwa nguvu, na papo hapo hana fahamu. Kinachotakiwa ni maeneo mbalimbali ya ubongo kupokezana ishara, kila moja kwa wakati wake na namna yake. Mwaka 2013 watafiti, wakiwemo wa Italia, walionesha jinsi ya kulipima hilo: wanaushtua ubongo kwa sumaku kutoka nje ya fuvu, kisha wanafuatilia umeme unavyosambaa. Kwa aliye macho na fahamu zake, huhama eneo hadi eneo kwa takriban milisekunde 300. Kwa aliyepigwa dawa ya usingizi, huzimika mapema, mara nyingi palepale uliposhtuliwa.

Lakini alama ndogo haithibitishi kwamba mgonjwa hasikii. Mwaka 2006 mtafiti wa ubongo Adrian Owen na wenzake Uingereza walimwambia mwanamke asiyeitikia chochote afikirie anacheza tenisi, kisha anatembea vyumbani mwake. Picha za ubongo zikaonesha maeneo tofauti yakifanya kazi, sawa na ya watu wazima wa afya. Basi mambo ya mirathi yasizungumzwe kitandani.

Mgonjwa wenu msimtie maji mdomoni, yatamwingia mapafuni. Mmoja wenu amwambie afumbe macho mara mbili, angoje, arudie. Akitii, mwiteni muuguzi na mumtajie saa.