Kushambulia au kuzuia: inategemea uko upande gani wa jedwali

Mei 5, 2014, uwanja wa Selhurst Park, London. Liverpool wanaongoza 3-0 dhidi ya Crystal Palace na zimebaki dakika kama kumi na moja. Ubingwa wa England hawajauonja tangu 1990. Kwa matokeo hayo timu nyingine ingetuliza mpira, lakini wao wanazidi kupanda. Manchester City wanawazidi kwa tofauti ya mabao, na Liverpool wanataka kuziba pengo hilo usiku huohuo. Dakika ya 79 Damien Delaney anaachia shuti la mbali, linambabatiza beki na kuingia. Dakika ya 81 Dwight Gayle anafunga. Dakika ya 88 Gayle tena. Mechi inaisha 3-3.

Kazi yangu ni kuchambua takwimu za mechi kwa ajili ya makocha, na hizo dakika za mwisho nimezitazama zaidi ya mechi nyingine yoyote. Msimu ulipofungwa, City walikuwa wamefunga mabao 102 na kufungwa 37, wakachukua ubingwa kwa pointi 86. Liverpool walifunga 101, wakafungwa 50, wakabaki na pointi 84. Safu za ushambuliaji zilipishana kwa bao moja tu, za ulinzi zikapishana kwa mabao 13. Ndiyo maana kila ninapokaa na makocha, mmoja lazima aniambie, "Umeona? Ushambuliaji unaleta mashabiki, ulinzi unaleta kombe."

Mimi humkumbusha Ivory Coast ya 2012. Kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka ule, nyavu zao hazikutikiswa hata mara moja, kuanzia mechi ya kwanza ya makundi hadi kipyenga cha mwisho cha fainali pale Libreville. Kombe likaenda Zambia. Didier Drogba alikosa penalti kipindi cha pili, dakika 120 zikaisha 0-0, Zambia wakashinda 8-7 kwa mikwaju. Uswisi nao walicheza mechi nne za Kombe la Dunia 2006 bila kuruhusu bao, kisha wakatolewa na Ukraine kwa penalti baada ya sare ya 0-0. Hata kwenye mikwaju hiyo hawakufunga mmoja. Kuzuia kikamilifu kunakuhakikishia kwamba hutapoteza ndani ya muda wa mchezo. Kushinda ni jambo jingine.

Kwa hiyo mifano peke yake haitatufikisha popote, kwa sababu kila upande una yake. Tuingie kwenye hesabu.

Bill James, mwandishi wa Marekani aliyeichambua besiboli kwa namba, aliweka kanuni moja ambayo baadaye ilihamishiwa michezo mingine. Chukua ulichofunga, kizidishe kwa chenyewe. Fanya hivyohivyo kwa ulichofungwa. Kisha gawanya namba ya kwanza kwa jumla ya zote mbili. Jibu ni makadirio ya sehemu ya mechi utakazoshinda. Katika soka kanuni inahitaji marekebisho kwa sababu kuna sare, lakini mwelekeo ninaotaka kuuonyesha haubadiliki.

Weka timu imara, inayofunga 80 na kufungwa 40. Kanuni inaipa asilimia 80. Iongezee mshambuliaji atakayeleta mabao manne zaidi, inapanda hadi asilimia 81.5. Badala yake ipe beki atakayeokoa mabao manne, inapanda hadi 83.2. Sasa igeuze. Timu dhaifu inafunga 40 na kufungwa 80, na kanuni inaipa asilimia 20. Mabao manne ya kuokoa yanaifikisha 21.7. Mabao manne ya kufunga yanaifikisha 23.2.

Yasome tena hayo, maana kwangu ndipo swali zima lilipo. Mabao ni yaleyale manne. Kwa timu imara thamani yake ni kubwa zaidi yakipatikana nyuma, kwa timu dhaifu ni kubwa zaidi yakipatikana mbele. Sababu yake haina miujiza: manne kati ya 40 ni sehemu kubwa kuliko manne kati ya 80. Kila timu inafaidika zaidi pale ambapo namba yake ni ndogo. Timu kubwa imeshajaza mabao, kwa hiyo kinachoiangusha ni yale machache inayoruhusu, kama Liverpool ile. Timu ndogo inafungwa mara nyingi kiasi kwamba kuzuia bao moja la ziada mara nyingi kunabadilisha kipigo cha 3-0 kuwa 2-0, na pointi zinabaki zilezile.

Hapa makocha hunikatiza, na wana haki. Timu ndogo zinafanya kinyume kabisa! Zinapaki basi, watu kumi nyuma ya mpira, na wakati mwingine zinaondoka na pointi. Je, hazijui hesabu?

Zinaijua hesabu nyingine. Mfano mzuri kuliko yote uko kwenye mpira wa kikapu. Novemba 22, 1950, Fort Wayne Pistons walikwenda kucheza na Minneapolis Lakers, timu ya George Mikan, mchezaji ambaye wakati ule hakuna aliyejua namna ya kumzuia. Pistons hawakutegemea kumzuia. Walishika mpira wakasimama nao. Walipasiana, wakasubiri, wakapasiana tena, na hakukuwa na sheria ya kuwalazimisha kurusha. Mechi iliisha Pistons 19, Lakers 18. Kati ya hizo 18, Mikan alifunga 15.

Watu husema huo ulikuwa ulinzi. Mimi siuiti hivyo. Pistons waliufupisha mchezo. Timu bora ikipata nafasi mia moja za kushambulia, ubora wake utajitokeza tu. Ikipata ishirini, bahati inapata nafasi ya kusema neno. Mnyonge anapopunguza idadi ya matukio kwa pande zote mbili, anajipunguzia mabao na kumpunguzia mpinzani pia, na mechi inasogea karibu na kurusha sarafu. Kupaki basi ni jambo lilelile likiwa kwenye nyasi. NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, walilielewa tatizo, na mwaka 1954 wakaleta saa ya sekunde 24: timu ikishika mpira lazima irushe ndani ya muda huo.

Kwa mechi moja ya mtoano, kufupisha mchezo ni uamuzi wenye akili na siwezi kumlaumu kocha anayeuchukua. Kwa ligi nzima nina wasiwasi nao. Tangu ushindi ulipoanza kulipwa pointi tatu, England mwaka 1981 na Kombe la Dunia mwaka 1994, sare tatu zinalingana na ushindi mmoja na vipigo viwili. Timu inayopigania kutoshuka daraja, inayopaki basi kila wiki ikiridhika na sufuri-sufuri, inakusanya pointi polepole mno. Nimeona nyingi zikishuka zikiwa na ulinzi unaosifiwa.

Namba zenyewe nazo hudanganya ukizisoma juujuu. Denver Nuggets wa msimu wa 1990-91 walifunga wastani wa pointi 119.9 kwa mechi, wa juu kuliko timu yoyote ya NBA msimu ule. Ukiishia hapo utasema wana mashambulizi ya kutisha. Walishinda mechi 20 kati ya 82. Walikuwa wakikimbia na kurusha haraka kupita kiasi, na kila walipofanya hivyo walimrudishia mpinzani mpira mapema, wakawa wanafungwa 130.8 kwa mechi. Ndiyo maana wachambuzi wa kikapu hawahesabu pointi kwa mechi. Wanahesabu pointi kwa kila mashambulizi mia moja. Ukipima hivyo, mbio zinaondoka kwenye hesabu na unabaki na ubora.

Hispania wa 2010 ni upande wa pili wa jambo hilohilo. Walikuwa na sifa ya kuwa timu ya kushambulia, pasi zisizokwisha. Walichukua Kombe la Dunia kwa mabao manane katika mechi saba, wakafungwa mawili, na mechi zote nne za mtoano walishinda 1-0. Mpira uliokuwa miguuni mwa viungo wao Xavi na Iniesta ulikuwa mpira ambao mpinzani hawezi kufungia. Ukiniambia niwapange Hispania wale kwenye fungu la kushambulia au la kuzuia, sitaweza, na nadhani hakuna anayeweza kwa haki.

Miaka kadhaa iliyopita kocha mmoja aliniita akiwa na hakika kwamba anahitaji beki wa kati. Timu yake ilikuwa inafungwa mno, na viongozi walishatenga fedha za usajili. Nilimwomba video za mechi, nikakaa nazo wiki nzima. Kila bao walilofungwa nililirudisha nyuma, si hadi kwa beki aliyepitwa, bali hadi sekunde ile walipopoteza mpira. Zaidi ya nusu yalianzia mahali pamoja: kiungo anapokea katikati, mabeki wote wawili wa pembeni wameshapanda, anajaribu pasi ya kupenyeza, inakatwa, na mabeki wa kati wanabaki wawili dhidi ya watatu.

Nilimwonyesha vipande hivyo kimoja baada ya kingine. Alinyamaza kwa muda, akaniambia, "Ndugu yangu, nimekuwa nikiwafokea watu wasio na kosa."

Beki hakununuliwa. Beki mmoja wa pembeni aliambiwa abaki mwenzake anapopanda, na kiungo yule akapewa mtu wa kumpasia kando yake badala ya kulazimisha ya mbele. Vile vipande bado ninavyo, na kocha akiniuliza anunue mshambuliaji au beki, naanza kwa kumwonyesha hivyo.