Mtoto wa jicho ni nini, na upasuaji wake hufanyikaje

Mtoto wa jicho ni ukungu unaoingia kwenye lenzi, ile sehemu angavu iliyo ndani ya jicho nyuma ya mboni. Si utando juu ya jicho. Nyama inayoonekana ikitambaa kutoka kwenye weupe wa jicho kuelekea katikati ni ugonjwa mwingine kabisa, na matibabu yake ni tofauti.

Sababu kubwa ni umri: protini za lenzi hushikana na kuzuia mwanga. Kisukari, jicho kuumia, sigara na dawa za steroidi zinazotumiwa kwa muda mrefu huuharakisha. Wapo pia watoto wanaozaliwa nao, na hao hawasubirishwi, kwa sababu ubongo usiopokea picha safi mapema haujifunzi kuona vizuri hata lenzi ikitolewa baadaye.

Hauumi. Mtu huona ukungu, taa za usiku humtawanyikia machoni, rangi hufifia na kuwa na umanjano, na miwani inabadilishwa kila mara bila nafuu. Kuna wazee wanaoanza kusoma bila miwani wakafurahi kwamba macho yamepona. Mara nyingi ni lenzi imezidi kukakamaa katikati, na nafuu hiyo haidumu.

Hakuna tone, kidonge wala mitishamba inayouondoa. Miwani mipya na mwanga wa kutosha husaidia mwanzoni, lakini tiba ni upasuaji. Ile kauli ya "subiri ukomae kwanza" imepitwa na wakati. Wakati wa kufanyiwa ni pale uoni unapokukwamisha katika kazi, kusoma au kutembea. Ukiachwa hadi ukomae kupita kiasi, lenzi huwa ngumu kutoa, na inaweza kuvujisha protini zake, presha ya jicho ikapanda na maumivu makali yakafuata.

Kazi isiyoonekana na wengi ni vipimo vya kabla. Daktari hukagua retina (pazia la ndani, nyuma ya jicho, linalopokea picha), mshipa wa fahamu wa jicho na presha ya jicho, maana kama hivyo vina tatizo, lenzi mpya haitarudisha uoni wote. Kisha hupimwa urefu wa jicho na mviringo wa konea, kioo angavu cha mbele ya jicho, ili kupata nguvu ya lenzi ya kupandikiza. Hapa hapana nafasi ya kukisia: kosa la milimita 1 kwenye urefu linaweza kukuachia hitaji la miwani ya takriban dayopta (kipimo cha nguvu ya miwani) 2.5 hadi 3. Anayevaa lenzi za kugusa jicho huambiwa aziache kwa muda kabla ya kupimwa, kwa kuwa hubadilisha umbo la konea. Mwanamume aliyewahi kutumia tamsulosini kwa ajili ya tezi dume na aseme. Dawa hiyo hulegeza mboni wakati wa upasuaji, hata kama aliiacha zamani.

Kwa kawaida mtu mzima hafanyiwi akiwa usingizini. Jicho hutiwa ganzi kwa matone au sindano ya pembeni, kisha husafishwa kwa povidoni ya ayodini ya asilimia 5, dawa ya kuua vijidudu. Njia mbili ndizo zinazotumika zaidi. Ya kwanza hupitia tundu la milimita 2 hadi 3: ncha inayotetemeka kwa mawimbi ya sauti huivunja lenzi na kuifyonza. Ya pili haihitaji mashine hiyo. Mkato wa milimita 6 hadi 7 hutengenezwa kwa mshazari ili ujifunge wenyewe bila uzi, na kiini cha lenzi hutoka kizima. Njia ya pili si ya daraja la chini. Kwa lenzi iliyokomaa na kukakamaa, mikononi mwa mzoefu, mara nyingi ndiyo salama zaidi. Katika zote mbili, ganda la nyuma la lenzi huachwa ili libebe lenzi ya bandia. Likichanika, umajimaji wa nyuma unaweza kuingia mbele, na pengine lenzi ikabidi iwekwe mahali pengine.

Lenzi ya bandia ya kawaida huonyesha vizuri umbali mmoja tu, mara nyingi wa mbali, hivyo miwani ya kusomea bado itahitajika. Ipo inayorekebisha konea isiyo na mviringo sawa. Ipo pia ya umbali mwingi, inayopunguza miwani lakini huleta miduara kuzunguka taa usiku. Dereva wa usiku au mwenye ugonjwa wa retina afikirie mara mbili.

Baadaye hutumika matone ya kuua bakteria na ya kupunguza uvimbe, kwa wiki kadhaa. Usisugue jicho, usiingize maji ya bomba, lala na kikinga jicho. Mchomo mdogo na machozi siku ya kwanza ni kawaida. Maumivu yanayozidi, wekundu unaoongezeka na uoni unaoshuka, hasa ndani ya wiki ya kwanza, vinaweza kuwa maambukizi ndani ya jicho: rudi siku hiyohiyo, usingoje miadi.

Mtoto wa jicho haurudi baada ya lenzi kutolewa. Ukungu unaoweza kujitokeza miezi au miaka baadaye huwa kwenye lile ganda lililoachwa. Leza hulitoboa katikati kwa dakika chache bila mkato, na kwa kawaida hufanyika mara moja tu.