Je, wajua kwa nini ufunguo uliochongwa vizuri unaweza kukataa kuwasha gari?

Ufunguo mpya umechongwa kwa kufuata ule wa zamani, na ukizilaza funguo hizo mbili pamoja meno yake yanalingana. Unafungua mlango, unazunguka kwenye swichi bila kukwama, injini inashika kwa sekunde moja au mbili, kisha inazima huku taa ya alama ya ufunguo ikimetameta kwenye dashibodi. Aliyechonga hakukosea. Gari la kisasa halitosheki na meno ya chuma. Linataka kujua ni ufunguo gani hasa ulioingia.

Ukipasua kichwa cha plastiki cha ufunguo wa aina hii utakuta chipu, ambayo katika funguo nyingi imefungwa ndani ya kichupa cha kioo kisichozidi sana punje ya mchele. Chipu hiyo haina betri. Swichi imezungukwa na koili ya waya, na unapoifungua, koili hutoa uga wa sumaku, kwa kawaida wa kilohezi 125, unaoipa chipu umeme kidogo wa kuamka na kujibu. Chipu za mwanzo zilijibu kwa namba ileile kila mara. Zilizofuata hupewa swali jipya kila safari na kulikokotolea jibu kwa siri iliyohifadhiwa ndani yake, hivyo aliyenasa jibu la leo hawezi kulitumia kesho. Jibu lisipokubalika, kompyuta ya gari hukata mafuta au cheche, au huizuia stata isizunguke. Mfumo huu huitwa immobilaiza, na katika nchi za Umoja wa Ulaya ulikuwa wa lazima kwa magari mapya kufikia 1998. Kabla yake, gari la Kimarekani la Corvette la 1986 lilitumia kipande cha rezista, yaani kizuizi cha mkondo wa umeme, kwenye ufunguo, lakini thamani zake zilikuwa 15 tu, idadi ambayo mwizi mvumilivu angeweza kuijaribu yote.

Kwa hiyo kuprogramu ufunguo, licha ya jina lake, aghalabu ni kulifundisha gari. Fundi huchomeka kifaa chake kwenye soketi ya pini 16 iliyo chini ya dashibodi, huingiza namba ya siri pale inapohitajika, kisha huliagiza gari liandike chipu mpya katika orodha ya funguo linazozikubali. Kazi huwa nyepesi kama ufunguo mmoja mzima bado upo. Zikiwa zimepotea zote, huenda fundi akalazimika kuifungua kompyuta yenyewe na kusoma siri kwenye kumbukumbu yake, na hapo ndipo gharama inapopanda.

Wapo wanaonakili chipu ya zamani, kiasi kwamba gari linaziona funguo mbili kuwa moja. Kwa aliyepoteza ufunguo, naiona njia hiyo kuwa mbaya, kwa sababu hawezi kuufuta uliopotea bila kuufuta na alio nao mkononi. Aliyesajili ufunguo mpya anaweza kuagiza ule uliopotea ufutwe. Atakayeuokota huenda akafungua mlango, lakini hatawasha injini.

Rimoti ni habari nyingine, hata inapokaa katika kichwa hichohicho. Hiyo hutumia betri na mawimbi ya redio, mara nyingi ya megahezi 315 au 433, na kila inapobonyezwa hutuma msimbo mpya unaofuata hesabu ambayo gari nalo huifuatilia. Mtoto akiichezea mbali na gari kwa muda mrefu, hesabu ya rimoti huweza kutangulia kupita kiasi, na vitufe vikaacha kuitikiwa hadi vioanishwe upya, ilhali injini inawaka kama kawaida.

Hata katika gari linalowashwa kwa kitufe, chipu isiyo na betri imebakizwa ndani ya rimoti. Betri ikiisha, igusishe rimoti kwenye kitufe cha kuwashia au mahali palipoelekezwa katika kitabu cha gari, na koili iliyofichwa hapo itaisoma kama ilivyosoma funguo za zamani.