Utitiri mwekundu si wa aina moja

Mkulima akiona majani ya nyanya yana vidoa vya njano na utando mwembamba, husema “utitiri mwekundu”, kana kwamba ni kiumbe kimoja kinachokula chochote. Sivyo. Utitiri uitwao Tetranychus urticae, ambao mara nyingi hata si mwekundu bali kijani wenye madoa mawili meusi, hula zaidi ya aina 1,000 za mimea. Tetranychus evansi, uliotoka Amerika Kusini, hupendelea jamii ya nyanya: bilinganya, viazi mviringo, hata ule mnavu unaouacha pembeni mwa shamba. Utitiri huu huuzima ulinzi wa mnyanya, kisha ukafyonza kwa raha zake. Nao una koo mbili za kijeni. Ukoo mmoja hustahimili baridi zaidi. Kwa rangi tu utakosea. Wataalamu hulikagua dume kwa hadubini.