Ajali haina kinga: ajali ipi hiyo?

Nimeisikia tena wiki hii, mara hii kutoka kwa mwanafunzi wangu mwenyewe. Nafundisha ushonaji hapa Mombasa, na wengi wa wanafunzi wangu wanatazamia kazi katika viwanda vya nguo vya EPZ (maeneo maalumu ya viwanda vinavyotengeneza bidhaa za kuuza nje), kwa hivyo huwa nawasimulia moto wa kiwanda cha blauzi cha Triangle, New York, wa tarehe 25 Machi 1911. Nilipomaliza, binti mmoja akashusha pumzi: "Ndiyo hivyo mwalimu, ajali haina kinga." Darasa zima likatikisa kichwa kukubali.

Ajali, kwa matumizi ya leo, ni tukio la ghafla lenye madhara ambalo hakuna aliyelikusudia. Hapo hatugombani.

Ugomvi wangu ni na hiyo methali, au tuseme na mahali inapopelekwa. Neno limetoka kwenye Kiarabu, ajal, na huko halihusu magari kugongana. Ni muda uliowekwa, kikomo, hasa kikomo cha umri wa mtu. Waswahili walilipokea na maana hiyo: mtu aliyekufa usingizini, hana hata mchubuko, husemwa ajali yake imefika. Saa hiyo ndiyo isiyo na kinga, na ukilisema hilo matangani unamliwaza mfiwa. Baadaye neno likahamia barabarani, likawa la matatu na bodaboda, kisha likaingia viwandani, na methali ikalifuata nyumanyuma kana kwamba maana haijabadilika. Sasa msimamizi naye anajiliwaza kwayo. (Kinga nayo ina vituko vyake. Katika "kinga na kinga ndipo moto uwakapo" ni kijinga cha moto, kile kinachowasha. Lakini hilo ni la siku nyingine.)

Turudi Triangle, tutazame ni lipi lililokosa kinga. Moto ulianzia ghorofa ya 8, kwenye mabaki ya vitambaa chini ya meza ya kukatia, na inadhaniwa ni kipande cha sigara au kiberiti. Ghorofa ya 10, palipokuwa na ofisi, walipigiwa simu. Ghorofa ya 9, palipojaa cherehani na mabinti wa kushona blauzi, hakuna aliyewaarifu. Mlango mmoja wa ngazi ulikuwa umefungwa kwa ufunguo, kwa kuwa wenye kiwanda walitaka wafanyakazi watokee upande mmoja, mikoba yao ikaguliwe wasije wakaiba. Ngazi ya chuma ya nje ilipinda ikaporomoka na watu. Ngazi za wazima moto ziliishia ghorofa ya 6. Walikufa watu 146, wengi wao wasichana wahamiaji.

Wenye kiwanda walishtakiwa wakaachiliwa, maana ilibidi ithibitishwe kwamba walijua mlango umefungwa saa ile ile. Jimbo la New York, hata hivyo, halikunyamaza na methali. Liliunda tume ya kuchunguza viwanda, na sheria zikafuata juu ya milango, vinyunyizio vya maji na mazoezi ya kutoka moto unapozuka. Hizo zote ni kinga, na hata kabla ya Machi 1911 vinyunyizio vilikuwa vikijulikana na funguo zilikuwa mifukoni mwa watu.

Kwa hivyo nilimwendea yule binti baada ya kipindi. Sikumgombeza, maana methali hiyo amefunzwa nyumbani na mimi pia nimefunzwa. Nilimwambia: mwanangu, cheche iite ajali ukipenda, sina neno. Mlango usiite hivyo, kuna mtu aliyeufunga. Daftarini alikuwa ameandika "Ajali ya Triangle". Akayakata maneno mawili ya kwanza, akaandika juu yake "Moto wa".