Mmea vamizi si kila mmea uliotoka ng'ambo

Ukipita penye kazi ya kusafisha njia za kando ya Mto Themi hapa Arusha, au Karanga kule Moshi, utasikia kila kichaka kinaitwa "vamizi". Neno limechoka kwa kubebeshwa yasiyo yake.

Mmea vamizi ni ule ulioletwa kutoka kwingine, ukazaana wenyewe bila kupandwa, ukasambaa na kuinyima mimea ya asili mwanga, maji na nafasi. Ugeni peke yake hautoshi.

Neno lenyewe linasema hivyo. Limetoka kwenye vamia, kama tegemezi lilivyotoka kwenye tegemea: linataja tabia, halitaji kwao. Mgomba ni mgeni, asili yake Asia ya Kusini-Mashariki. Lakini ndizi tunazokula hazina mbegu za kuota. Mgomba husubiri mtu achimbue chipukizi akapande. Ndiyo maana umekaa vihambani, yaani kwenye mashamba ya nyumbani, vizazi na vizazi bila kuteka korongo hata moja. Lantana, kichaka kilichotoka Amerika, haisubiri mtu: ndege humeza kile kitunda cheusi, akaiangusha mbegu chini ya mti wa msesewe (huu huu ambao gome lake hutiwa kwenye mbege, pombe ya ndizi), na baada ya misimu michache miche ya msesewe haioni jua.

Kinachouma zaidi ni kufyeka mabingobingo, yale majani marefu ya kando ya mto, kwa jina la "vamizi". Mabingobingo ni ya Afrika hii hii, na mizizi yake ndiyo imeshika ukingo. Yakiondolewa yote mwezi Machi, masika hukuta udongo mtupu: ukingo humeguka, na panapobaki wazi gugu karoti huwahi kuota. Hilo ndilo vamizi hasa. Mche mmoja hutoa maelfu ya mbegu. Ling'olewe na mzizi kabla halijatoa maua meupe, kwa glavu na nguo za mikono mirefu, kwani huwasha ngozi na kubana kifua. Lantana nayo ukiikata kwa panga tu itachipua mashina mengi zaidi. Chimba uling'oe shina na kifundo chake cha chini ya udongo. Safisha ukingo kipande kimoja kimoja, na pale pale, mvua zikishakolea, panda msesewe au mkuyu kwa nafasi ya mita 3 hivi.

Mgrivea wa kihambani uitwe mti wa kigeni, inatosha. Mabingobingo yaitwe mabingobingo. "Vamizi" tuiachie lantana na gugu karoti.