"Una uhakika utakatika leo?"

Msimu wa korosho ukishika kasi hapa Mtwara, hakuna anayefurahi kumwona mkaguzi. Kazi yangu ni kukagua vifaa vya kunyanyulia mizigo: kreni, winchi, minyororo, waya. Msimu mmoja, kwenye yadi nisiyoitaja, nilikuta waya wa kreni umekatika nyuzi kadhaa karibu na ndoano. Malori yamejipanga hadi barabarani, meli inasubiri. Msimamizi akaniuliza kwa upole kabisa: "Injinia, una uhakika utakatika leo?"

Sikuwa na uhakika huo. Mkaguzi gani anao?

Swali la namna hiyo ndilo lililoirusha Challenger, chombo cha anga cha Marekani. Jioni ya Januari 27, 1986, wahandisi wa Morton Thiokol, kampuni iliyotengeneza roketi za pembeni, waliishauri NASA, shirika la anga la Marekani, isirushe. Kesho yake ingekuwa baridi kali, na pete za mpira zinazoziba maungio ya roketi hizo hukakamaa zikipoa. Mmoja wa wahandisi hao, Roger Boisjoly, alikuwa na ushahidi wa masizi yaliyopenya pete kwenye safari ya Januari 1985, zikiwa kwenye nyuzi 12 hivi za Selsiasi. Hakuwa na hesabu ya kuonyesha zitashindwa kesho. NASA nayo ilipanga kufikia safari 24 kwa mwaka, ilhali 1985 ilimudu 9. Wakubwa wa Thiokol wakajitenga kuteta, wakarudi na "ndiyo". Sekunde 73 baada ya kuruka chombo kikasambaratika, na watu 7 waliokuwemo wakafa.

Kwa kawaida anayetaka kurusha ndiye anayethibitisha kuwa ni salama. Usiku ule mhandisi ndiye aliyetakiwa kuthibitisha kuwa ni hatari, na hakuna aliyetangaza kwamba zamu imebadilishwa.

Mwaka 2003 ikawa Columbia, chombo kingine cha NASA, kilichosambaratika kikirudi duniani. Kipande cha povu kiligonga bawa la kushoto wakati wa kuruka. Wahandisi wakaomba bawa lipigwe picha likiwa angani. Ombi likafa kwa kukosa ushahidi kwamba picha ni za lazima. Ushahidi wenyewe ungetoka kwenye picha hizo! Wakati huo kompyuta za baadhi ya mameneja zilikuwa zikihesabu siku kuelekea Februari 19, 2004, tarehe ya kurusha sehemu mpya ya kituo cha anga.

Ratiba siichukii. Korosho ikinyeshewa yadini, anayeumia ni mkulima wa Newala.

Yule msimamizi nilimpa kalamu, nikamwomba aandike kwamba waya ni salama, kisha asaini. Aliutazama waya kwa muda, akapiga simu kuagiza mwingine. Tulipoteza siku moja na nusu, na alininunia hadi msimu ukaisha.